Kuingia Uyahudi: Kwa nini imani ya mtu mmoja haitoshi

MTU mzima wa Mlali, wilayani Kongwa, akitaka kuwa Mkristo leo, njia anaijua. Ataandikishwa kuwa mkatekumeni, atafundishwa, na siku ikifika atabatizwa. Akitaka kuwa Mwislamu, atatamka shahada kwa moyo wa kweli na tangu saa hiyo atahesabiwa miongoni mwa Waislamu. Lakini akimwambia jirani yake kwamba anataka kuwa Myahudi, wote wawili watakwama. Aende kwa nani? Nani ana mamlaka ya kumpokea? Na akishapokewa, ataishije Mlali?

Swali hilo linaweza kuonekana geni katika nyanda za Dodoma, lakini Afrika Mashariki si geni hata kidogo. Mashariki mwa Uganda, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, wanaishi Waafrika kati ya 2,000 na 3,000 wanaoshika dini ya Kiyahudi. Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda. Hawakuletewa dini hiyo na wamisionari, kwa kuwa Wayahudi hawana desturi ya kutuma wamisionari. Waliifuata wenyewe, na imewachukua zaidi ya miaka 80 kutambuliwa na sehemu ya Wayahudi wenzao duniani.

Ili kuelewa sababu ya safari hiyo kuwa ndefu kiasi hicho, sharti kwanza mtu aelewe jambo moja ambalo Wakristo na Waislamu wengi hulipita bila kulitambua. Uyahudi haudai kwamba kila mwanadamu awe Myahudi ndipo aokoke. Kwa mafundisho ya marabi, asiye Myahudi anatakiwa kushika amri saba walizopewa wana wa Nuhu, zikiwamo kutoua, kutoiba, kutoabudu sanamu na kuweka mahakama za haki. Akizishika, hana upungufu wowote mbele za Mungu. Myahudi ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi, ambao kwa hesabu ya mapokeo ni amri 613.

Kwa sababu hiyo, rabi anayebishiwa hodi na mgeni anayetaka kuongoka hana haraka ya kumfungulia. Desturi ya zamani inamtaka amkatishe tamaa kwanza, amuulize kama hajui kwamba Wayahudi wamechukiwa na kuteswa, na kama yuko tayari kujitwika amri ambazo leo hadaiwi. Wapo marabi wanaomrudisha mgeni hadi mara tatu. Hiyo si dharau. Ni namna ya kupima kama mtu anajua anachokiomba, na wengi hawajui.

Anachokiomba ni kuingia katika watu. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyekataa kuachana na mkwewe Naomi. Marabi humchukua Ruthu kuwa mfano wa kila mwongofu, na katika kiapo chake aliwataja watu wa Naomi kwanza, ndipo akamtaja Mungu wa Naomi. Mpangilio huo una maana. Mtu anaweza kusadiki kila kitu ambacho Wayahudi husadiki, akafunga, akasali na kuisoma Torati usiku na mchana, na bado asiwe Myahudi kwa kuwa hakuna Wayahudi waliompokea. Mgogo yeyote anaelewa kwamba mgeni hawi mtu wa ukoo kwa kujitangaza. Wenye ukoo ndio wanaomtambua. Hapa kanuni ni hiyohiyo, ila imeandikwa katika sheria.

Utaratibu wenyewe ni mfupi kuuelezea. Mwombaji husoma chini ya rabi, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, akifuata mzunguko mzima wa sikukuu. Kisha husimama mbele ya baraza la watu watatu liitwalo beti dini, ambalo humhoji. Akikubaliwa, mwanamume hutahiriwa, na mwanamume au mwanamke huzama mwili mzima katika mikve, kidimbwi chenye maji ya asili kama ya mvua au chemchemi. Akitoka majini ni Myahudi, anapewa jina jipya la Kiebrania na kuitwa mwana au binti wa Abrahamu. Tangu hapo ni mwiko kwa Myahudi mwingine kumkumbusha kwa kejeli alikotoka.

Pengine msomaji wa Dodoma atauliza: mwanamume aliyekwisha kupita jandoni, atatahiriwa nini tena? Sheria ina jibu. Hutolewa tone moja la damu mahali pa tohara, mbele ya mashahidi, kwa nia ya kuingia katika agano la Abrahamu. Jando lilimfanya kuwa mtu mzima wa kabila lake. Tone lile ndilo linalomwingiza katika kabila jingine.

Baada ya masomo, hatua hizo huweza kumalizika kwa siku moja. Ugumu umo katika maisha yanayofuata, na ndiyo ambayo baraza la watu watatu huyatazama kabla ya kukubali. Swali lao zito huwa si “unaamini nini?” bali “utaishi wapi na nani?”

Tuchukue mfano wa huyo mtu wetu wa Mlali na tumfuate kwa juma moja tu. Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia. Hapiki, hawashi moto, hafanyi biashara, na kama ni wa madhehebu ya Othodoksi hapandi chombo chochote cha usafiri mpaka nyota zionekane Jumamosi jioni. Kwa hiyo sinagogi lazima liwe mahali anapoweza kufika kwa miguu. Mapokeo hata yameweka mpaka wa mwendo wa Sabato nje ya makazi, dhiraa 2,000, ambazo ni karibu kilomita moja. Katika miji mingi duniani, Wayahudi wa Othodoksi hukusanyika mitaa mamoja kwa sababu hii, na watu wa nje hudhani ni ubaguzi tu.

Akifika sinagogini anahitaji wenzake tisa. Sala kamili ya jumuiya, kusoma Torati hadharani kutoka katika gombo, na sala ya Kadishi ambayo mfiwa humwombea marehemu wake, vyote vinadai akidi ya watu wazima kumi, iitwayo minyani. Othodoksi huhesabu wanaume pekee. Madhehebu mengine huhesabu na wanawake. Watu tisa wanaweza kusali, lakini kila mmoja atakuwa anasali peke yake hata wakiwa wamekaa benchi moja. Mtu wa Mlali akifiwa na mzazi, ataitamka wapi Kadishi?

Chakula nacho kinahitaji watu. Mbuzi wapo tele Kongwa, lakini nyama huwa halali kwa Myahudi ikiwa tu imechinjwa na Myahudi aliyefundishwa sheria za kuchinja na kukagua mapafu ya mnyama. Sabato hufunguliwa kwa baraka juu ya kikombe cha divai. Dodoma ndiyo nchi ya zabibu Tanzania, na mtu angedhani hapo hakuna tabu. Lakini kwa sheria kali, divai huwa halali ikiwa imetengenezwa na mikono ya Wayahudi washika Sabato, hivyo chupa ya divai ya Dodoma iliyoko dukani haimfai. Itambidi akamue zabibu zake mwenyewe, au abariki juu ya mkate, jambo ambalo linaruhusiwa.

Nimeyataja haya madogo makusudi. Mtu akiyatazama moja moja anaweza kuyaona kuwa ni masharti ya kero, lakini akiyaweka pamoja ataona yanaelekea upande mmoja. Dini hii imepangwa kiasi kwamba mtu aliye peke yake hawezi kuitimiza, awe amezaliwa ndani yake au ameiingia. Baraza linalompokea mwongofu na kumwacha mahali pasipo Wayahudi linajua kwamba limemtwika amri ambazo hana njia ya kuzitekeleza. Marabi wengi hukataa kufanya hivyo, nao humshauri mwombaji ahamie kwanza karibu na jumuiya.

Hapa ni vizuri kuondoa dhana moja. Kushika Jumamosi hakumfanyi mtu kuwa Myahudi. Waadventista Wasabato, walio wengi nchini, ni Wakristo. Hali kadhalika yapo makundi yanayotumia majina ya Kiebrania na kuvaa shali za sala huku yakimkiri Yesu kuwa Masihi. Madhehebu yote makuu ya Kiyahudi huyahesabu makundi hayo kuwa nje ya Uyahudi, hata kama nia zao ni njema.

Abayudaya wenyewe walianzia karibu na mahali hapo. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari Muganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha sehemu ya mashariki ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19, akitarajia kupewa utawala wake. Hakuupata, na uhusiano wao ukaingia uchungu. Alijiunga na Bamalaki, kundi la Kikristo lililokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919, baada ya kuisoma sana Torati katika Biblia ya Kiganda, alijitahiri yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walipomwambia tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi naye ni Myahudi.

Mwaka 1920 alifika Mbale Myahudi mgeni ambaye hukumbukwa kwa jina la Yosef tu. Alikaa nao karibu miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu na sheria za chakula. Mwaka 1922 Kakungulu alichapa kitabu cha Kiganda cha kurasa zipatazo 90 chenye sala na kanuni za jumuiya yake. Alifariki mwaka 1928, na wafuasi wake wakagawanyika kati ya waliomrudia Yesu na waliobaki na Torati pekee.

Hao waliobaki walikuwa Wayahudi machoni pao wenyewe. Hakuna beti dini iliyowahi kuwahoji. Walichinja wenyewe, waliwatahiri watoto siku ya nane na walisali Jumamosi, wakiwa mbali na kila Myahudi mwingine, isipokuwa wageni wachache. Mmojawapo alikuwa Arye Oded, Mwisraeli aliyewatembelea miaka ya 1960 na ambaye baadaye alikuwa balozi wa nchi yake katika eneo hili.

Kisha Idi Amin akatwaa madaraka mwaka 1971 na kuupiga marufuku Uyahudi. Masinagogi yalifungwa, vitabu vikafichwa, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu ili waishi. Inakadiriwa kwamba jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibakiwa na takriban 300 wakati Amin alipopinduliwa Aprili 1979. Waliodumu walikuwa wakisali kwa siri majumbani. Waliovunjika hawakuvunjika kwa sababu imani yao ilikuwa hafifu kuliko ya wenzao. Mara nyingi walikuwa wamekaa mbali, hawana wa kusali naye.

Kilichofuata ndicho kinachofanya habari ya Mbale isomwe na kila anayejiuliza jinsi ya kuingia Uyahudi. Miaka ya 1980 kundi la vijana, wakiwamo Gershom Sizomu na J.J. Keki, liliamua kwamba jumuiya iliyotawanyika vijijini haitaamka kwa mahubiri. Walihamia pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, wakaishi kwa mfano wa kibutsi cha Israel, wakifanya kazi na kusali pamoja. Walijenga sinagogi wakaliita la Musa. Wazee waliokuwa wamekata tamaa walianza kupanda mlima Jumamosi.

Ieleweke kwamba kibutsi si agizo la dini. Cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 na vijana wajamaa ambao wengi wao hawakushika Sabato. Vijana wa Nabugoye walichukua umbo lake na kulijaza sala. Watanzania wa makamo hawatashangaa sana kuisikia habari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Tanganyika walipelekwa Israel kujifunza ushirika na kilimo cha pamoja, na wataalamu wa Israel walisaidia katika kuundwa kwa Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Uhusiano wa kibalozi ulivunjika Oktoba 1973 na kurejeshwa mwaka 1995.

Dodoma ina kumbukumbu yake ya kuishi pamoja. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, familia za Wagogo zilizokuwa zimezoea kukaa mbalimbali na mifugo yao zilihamishiwa vijiji vya ujamaa. Vijiji vingi vimebaki mpaka leo, lakini mashamba ya pamoja yalikufa mapema. Tofauti na Nabugoye ni kwamba kule kila aliyepanda mlima alikuwa na jambo ambalo hakuweza kulifanya nyumbani kwake. Alihitaji watu tisa wengine.

Jumuiya ilipokwisha kusimama, ndipo mlango rasmi ulipofunguka. Februari 2002, marabi watano wa madhehebu ya Konsavativu walifika Uganda, wakaketi kama beti dini na kuwapokea watu wapatao 400. Hawakukubaliana wote. Baadhi ya wazee waliona ni matusi kuambiwa waongoke wakati babu zao waliishika Torati tangu 1919 na waliificha wakati wa Amin kwa kuhatarisha maisha. Wengine, hasa katika kijiji cha Putti, walikataa kwa sababu tofauti kabisa: walitaka kupokewa na Othodoksi, ambao hawaitambui beti dini ya Konsavativu. Kundi la Putti lilipata uongofu wa Othodoksi mwaka 2016.

Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008 na kurudi Mbale. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake karibu wote ni Wakristo na Waislamu. Keki naye aliongoza kuanzishwa kwa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Mirembe Kawomera, mwaka 2004, ambacho wanachama wake ni Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa miteremko ya Elgon. Shule za jumuiya, Hadassah ya msingi na ile ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, husomesha watoto wa dini zote. Kukaa pamoja kwa ajili ya sala hakukuwatenga na majirani, ingawa hofu hiyo ilikuwapo.

Hata hivyo, kupokewa na marabi hakukumaliza mambo. Sheria ya Kurejea ya Israel ya mwaka 1950 humpa kila Myahudi haki ya kuhamia huko, na mwongofu wa kweli anahesabiwa. Shirika la Kiyahudi la Israel lilitambua Abayudaya mwaka 2016. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilikataa ombi la mmoja wao, na suala likafika Mahakama ya Juu. Machi 1, 2021, mahakama hiyo iliamua kwamba walioongokea Konsavativu na Reformu ndani ya Israel watambuliwe kwa ajili ya uraia. Uamuzi huo haukuwahusu walioongokea nje. Kwa hao wa nje, maofisa hutazama kama jumuiya iliyompokea mwombaji inatambulika, na kama ameishi humo baada ya kuongoka au alichukua cheti na kuondoka. Ndoa, kwa upande wake, imo mikononi mwa marabi wa Othodoksi, hivyo mtu anaweza kuwa raia kama Myahudi na asiweze kufunga ndoa kama Myahudi.

Tukirudi Mlali, mtu wetu hana Nabugoye jirani. Arusha kuna jumuiya ndogo ya Wayahudi. Nairobi kuna sinagogi la jumuiya iliyoanza mwaka 1904, lenye desturi za Othodoksi. Katika nyanda za juu za Kenya, huko Kasuku, yapo makazi ya wakulima wachache waliotoka katika kundi la Kimasihi, wakauacha Ukristo na kujifunza Uyahudi kwa msaada wa Abayudaya. Habari ya Kasuku ni ya familia chache tu, lakini inaonyesha kuwa ya Mbale si ajali ya pekee.

Akifunga safari mpaka Mbale na kuomba kupokewa, ataambiwa kwanza akae nao, ale nao na kusali nao mpaka sikukuu zote zipite. Kisha ataulizwa swali ambalo huenda hakulitarajia: mkeo anasemaje? Kwa sheria inayoshikwa na Othodoksi na Konsavativu, mtoto hufuata mama. Baba akiongoka peke yake, watoto wake watakaozaliwa na mama asiye Myahudi hawatakuwa Wayahudi, hata wakilelewa sinagogini tangu utoto, mpaka nao waongoke. Mama akiongoka, watakaozaliwa baadaye ni Wayahudi tangu kuzaliwa, bila hoja wala baraza. Mgogo, aliyezoea kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, hili litamsumbua. Jirani yake Mkaguru, ambaye ukoo wake hupitia kwa mama, ataelewa mara moja. Ndiyo maana Mbale, kama kwingineko, marabi hupenda kumpokea mume, mke na watoto siku moja, na kama mke hayuko tayari, humwambia mume arudi nyumbani wakazungumze kwanza.